Sura ya Saba: Msaidizi wa Dereva

Koplo Jafari alikuwa na marehemu mmoja, mtuhumiwa mmoja na mtoro mmoja, na huyo mtoro ndiye aliyemkosesha usingizi. Mkaguzi Benadetha Likwata aliposhuka kwenye gari kutoka Lindi kuja kuichukua kesi hiyo, hakupewa hata nafasi ya kunywa maji. Koplo alimpokea pale pale mlangoni mwa kituo, akammwagia habari yote kwa mkupuo mmoja.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Sipriani, dereva wa makamo, alikuwa akirudisha nyuma gari la umeme la kubebea samaki katika kichochoro kilicho nyuma ya soko, Kilwa Kivinje. Akambana mtu ukutani, mtu akafa. Aliyekufa aliitwa Huseni, naye hakuwa mpita njia. Alikuwa utingo wa Sipriani kwa miaka mingi, wote wawili walipokuwa kwenye Fuso, lori la tajiri yule yule mwenye samaki. Tajiri alipouza Fuso akanunua gari la umeme, Sipriani alibaki na usukani, Huseni akaambiwa akapumzike nyumbani. Wawili hao waligombana sokoni mbele za watu, Huseni akilalamika kwamba rafiki yake amemtupa kwa ajili ya mashine. Siku chache baadaye Huseni alikuwa kaburini.

"Sababu ya kuua ipo, afande," alisema Koplo. "Na ushahidi upo. Gari lenyewe limemtaja."

Gari lilikuwa limemtaja kupitia kwa Valentini, mtaalamu wa mradi mmoja unaozunguka pwani kuelimisha wananchi juu ya magari ya umeme na vifaa vya kumsaidia dereva. Valentini alichomeka kompyuta yake kwenye gari, akasoma kumbukumbu zake. King'ora cha nyuma kililia, kikazidi kulia, na muda wote huo breki haikuguswa. Dereva alizidi kurudi. Kwa Koplo, mtu anayeonywa na gari lake mwenyewe na bado anaendelea, huyo ana lake jambo. Kosa ni mauaji, na kila mtu pale kituoni alijua adhabu ya mauaji ni kunyongwa.

Kilichobaki ni mtoro. Katika maelezo yake Sipriani alisema: Huseni aliniambia njoo, na msaidizi wa dereva naye akaniambia njoo. Koplo alipiga hesabu zake. Msaidizi wa dereva, kwa Kiswahili cha barabarani, ni utingo. Kwa hiyo tajiri aliajiri utingo mpya kwa siri, huyo utingo alikuwepo kichochoroni, akashirikiana na dereva kummaliza yule wa zamani, kisha akatoweka. Koplo alikwisha kupiga simu Nangurukuru na Somanga. Mtu mzima mmoja mwenye wake zake na watoto wake alikuwa ameshushwa kwenye lori la chumvi na kuwekwa ndani, kwa kosa la kuwa utingo na kujibu maswali kwa jeuri.

Benadetha aliuliza huyo msaidizi ana sura gani, ni mrefu au mfupi.

"Hapo ndipo mtuhumiwa anapotuzungusha," alisema Koplo. "Anasema hana jina. Nikamuuliza kabila gani, akanitazama tu."

Benadetha naye alimtazama Koplo kidogo. Hakupenda kesi zinazokuja zimeshafungwa kamba namna ile, kwa sababu mara nyingi aliyezifunga alikuwa na haraka. Akaomba aonyeshwe gari kwanza, mtu baadaye.

Gari lilikuwa uani, jeupe, dogo, lenye boksi kubwa mgongoni lililoziba kila kitu nyuma ya dereva. Vumbi la barabara ya Kivinje lilikuwa limelivaa lote. Kwenye kona ya kushoto, karibu na mwisho wa boksi, palikuwa na alama za kiganja cha mtu, nyingi, moja juu ya nyingine. Koplo alieleza kwamba marehemu alikuwa akipiga bodi la gari kuomba aachwe. Benadetha alisogea, akainua mkono wake bila kugusa, akaupima juu ya zile alama. Ili kiganja kikae vile, mtu lazima asimame ubavuni mwa gari. Huseni alikutwa nyuma yake.

"Mtu aliyebanwa nyuma anapigaje ubavuni?" aliuliza.

Koplo alisema huenda alipiga kabla ya kubanwa. Benadetha akauliza, kama bado hajabanwa, alikuwa akiomba aachwe na nani. Koplo akajifanya anafukuza nzi.

Mkaguzi alizunguka nyuma. Kijicho cha kamera kilichokuwa juu ya mlango kilikuwa kimegandwa na tope kavu. Akalikwangua kwa ukucha, likakataa kutoka; kwa kamera hiyo dereva asingeona kitu. Palikuwa na kielelezo kimoja tu kingine, beseni la plastiki lililopasuka, lililookotwa miguuni mwa marehemu. Kwenye kibandiko Koplo alikuwa ameandika: mali ya marehemu. Benadetha aliuliza nani aliyesema hivyo. Ikabainika hakuna aliyesema.

Akaenda nalo Kivinje.

Somoe, mjane wa Huseni, alikuwa katika eda, hatoki nje, kwa hiyo Mkaguzi alivua viatu akaingia ndani na kukaa naye mkekani. Koplo alibaki barazani na wanaume. Somoe alimwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyelia hadi ikakauka. Benadetha aliitikia, akampa pole ya msiba, kisha akalifunua lile beseni. Mjane alilitazama kwa mshangao. Nyumba yao ilikuwa na beseni moja tu, nalo lilikuwa pale uani, limejaa vyombo. Huseni aliondoka mikono mitupu kwenda sokoni kutafuta kibarua chochote.

Kuhusu ugomvi Somoe hakuficha kitu. Walirushiana maneno, ndiyo, na mumewe alirudi nyumbani akakataa kula. Lakini huyo Sipriani ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyempeleka hospitali alipougua njiani, ndiye aliyesimamia mahari. Mpaka sasa hajui amfikirie vipi.

"Mimi nataka kujua jambo moja, dada," alisema. "Kama kamuua, wamnyonge. Kama hakumuua, niambie, nimlilie mume wangu bila kumlaani mtu."

Benadetha alimwahidi kwamba atamletea jibu, lolote litakalokuwa. Alitoka mle ndani, akavaa viatu.

Mwenye beseni alipatikana sokoni bila shida. Alikuwa mama muuza barafu, na alilitambua kwa ufa wa zamani ulioshonwa kwa waya. Alikiri kwamba aliliacha katikati ya kichochoro akaenda kutafuta chenji. Hakuja kulidai kwa kuogopa kuitwa shahidi. Aliyaona mambo kwa mbali tu: gari likiingia kinyumenyume, Huseni akitokea upande wa soko, hajaitwa na mtu, akaanza kugonga bodi kama alivyozoea enzi za Fuso. Ugomvi wao haukumzuia. Mama huyo alisema hata yeye alifurahi kuwaona wako pamoja tena.

Waliporudi kituoni Benadetha aliagiza Sipriani aletwe. Aliingia amepungua, shati limemlegea. Alikuwa amemzidi Mkaguzi umri, na Mkaguzi akamwamkia shikamoo. Koplo aligeuza shingo. Si kawaida ya pale kumwamkia mahabusu. Sipriani mwenyewe alichelewa kuitikia, halafu akasema marahaba kwa sauti ndogo.

"Huyo msaidizi wa dereva ni nani, mzee?"

"Si ndiye yule wa kwenye gari, mama."

"Yuko wapi sasa?"

"Yumo ndani ya gari. Gari lilikuja naye. Tulifundishwa kwenye semina, kwamba magari haya yana msaidizi wa dereva, analia huko nyuma."

Kalamu ya Koplo ilisimama juu ya karatasi. Benadetha hakumtazama, kwa huruma. Alimwambia tu, kwa utaratibu, aende akamfungulie yule bwana wa lori la chumvi na amwombe radhi.

Koplo aliporudi, masikio yamemwiva, alimkuta Sipriani akieleza semina ilivyokuwa. Ukumbi ulijaa madereva. Picha zilionyeshwa ukutani. Valentini alisema gari hili lina msaidizi wa dereva asiyelala wala kulewa, anamwona mtu na kulisimamisha gari mwenyewe, msikilizeni. Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo maswali yote yalikuwa ya umeme: mvua ikinyesha si utanaswa, ukivuka dimbwi itakuwaje, mtoto akigusa pale pa kuchajia atakufa. Likaulizwa hilo hilo kwa namna kumi, likajibiwa kwa namna kumi. Kisha wakatoka nje wakapiga picha na gari. Hakuna aliyekaa kwenye usukani na kupiga rivasi. Tangu akabidhiwe lile la tajiri, Sipriani alikuwa amerudi nyuma kwenye viwanja vya wazi tu, ambako msaidizi hakusema kitu. Ile siku ya kichochoro ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

"Alisemaje?"

"Hana maneno. Anagonga. Ti, ti, ti."

"Na Huseni?"

"Huseni naye alikuwa anagonga, kwenye bodi. Nilijua mkono wake tu, sikuhitaji kumwona." Uso wake ulilainika kidogo. "Nikasema moyoni, kumbe hasira zimemwisha."

Benadetha aliuliza kugonga maana yake nini kwa watu wa malori. Sipriani alieleza kwa uvumilivu, kama anayemweleza mgeni namna ya kula muhogo. Utingo akigonga, njia ipo, njoo. Akizidisha kugonga, njoo upesi. Akinyamaza, simama hapo hapo, usiulize.

"Kwa nini ukimya ndio uwe wa kusimama?"

"Kwa sababu utingo akinyamaza, mama, pengine umeshamkanyaga." Alisogea mbele kwenye kiti. "Ndiyo maana nawaambia siku zote hizi. Huseni hakunyamaza. Angenyamaza ningesimama, namwapia Mungu. Aligonga hadi mwisho. Alikosea mwenyewe kupima, Mungu amrehemu, hata mkongwe wa kazi hukosea."

Mkaguzi alifunga jalada. Alikuwa amekwisha kuona kilichotokea, na hakikumfurahisha.

Valentini aliitwa. Alifika na fulana yenye nembo ya mradi, simu mbili mkononi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa na hofu ambayo alijitahidi kuiita taaluma. Alirudia kwamba mfumo ulifanya kazi yake sawasawa, kila mlio umerekodiwa, na kosa ni la binadamu. Kwa hilo Benadetha hakubishana naye. Alimuuliza tu kuhusu lile jina. Valentini alisema kwenye kijitabu wameandika mfumo saidizi, lakini jukwaani aliona watu wanasinzia, akarahisisha kuwa msaidizi wa dereva, na ukumbi mzima ukaamka.

"Waliamka kwa sababu walimjua," alisema Benadetha. "Na huku kulisimamisha gari mwenyewe, je?"

Valentini alieleza kwamba hilo ni la mbele. Mbele gari huona mtu na kushika breki. Nyuma kwa aina hii hulia tu, breki ni ya dereva. Aliulizwa kama aliwaambia madereva tofauti hiyo. Akasema ilikuwamo kwenye picha za mwisho. Maswali ya mvua yalikula muda, picha za mwisho hazikuonyeshwa.

"Na hapa nina semina nyingine Lindi," aliongeza, "madereva wameshaalikwa."

Benadetha alimwambia asubiri uani.

Jua lilikuwa bado kali walipolipanga jaribio. Pipa tupu la bati liliwekwa mbele ya ukuta. Sipriani alifunguliwa pingu akaketi kwenye usukani, vioo vimepandishwa kama siku ile, Koplo akaketi kando yake. Mkaguzi hakumweleza dereva chochote zaidi ya kumwambia apige rivasi kama alivyopiga Kivinje, naye atakuwa utingo wake. Valentini alisimama mbali kidogo, mikono kifuani.

Benadetha alikwenda kwenye kona ya kushoto, karibu na zile alama, akaanza kugonga. Gari lilianza kurudi. Halikunguruma, lilikuja tu, na ukimya wake ulimtisha kuliko alivyotarajia. Lilipokaribia pipa king'ora kikaanza, ti, ti, ti, kwa mwendo ule ule wa mkono wake. Hapo Mkaguzi aliacha kugonga. Akaondoa mkono, akarudi nyuma mpaka akasimama karibu na Valentini.

Kwa sheria ya utingo gari lilipaswa kusimama. Halikusimama. King'ora kiliharakisha, kikawa mlio mmoja usiokatika, na gari likaongeza mwendo kuufuata. Pipa lilibonyea kati ya boksi na ukuta, likatoa sauti ambayo mapolisi waliokuwa dirishani hawakuipenda. Gari lilisimama kwa sababu halikuwa na pa kwenda.

Koplo Jafari ndiye aliyetoka kwanza, jasho linamtiririka.

"Afande, mimi nilikuwamo ndani," alisema. "Sikujua ni wakati gani uliacha. Nilidhani ni wewe mpaka mwisho."

Basi Benadetha alimweleza, kwa sauti ya chini, jinsi mambo yalivyokuwa. Huseni alisimama ubavuni akigonga, ndizo zile alama. Akaliona beseni la mama wa barafu njiani. Akafanya kile ambacho utingo yeyote angefanya: akanyamaza, ili gari lisimame, akaingia nyuma kuliondoa. Hakuwa na sababu ya kutazama kama limesimama. Miaka yote alinyamaza na lilisimama. Safari hii aliponyamaza, gari lenyewe lilipokea zamu, likaendelea kumwita dereva. Mtoro waliyekuwa wakimtafuta hadi Somanga alikuwa uani kwao siku zote.

Valentini alikuwa amechuchumaa kando ya pipa. Alikuwa ametoa simu, hapigi. Hatimaye aliuliza, bila kuinua uso, sasa atumie neno gani huko Lindi.

"Neno utalitafuta baadaye," alisema Benadetha. "Kwanza wakalishe kwenye usukani, mmoja mmoja, wamsikie. Waambie huyu akilia, simama. Huyu ni kinyume cha utingo. Waambie hivyo hivyo."

Valentini alipiga simu Lindi kuiahirisha semina.

Mkaguzi alikwenda kwenye dirisha la dereva. Sipriani alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, amekishusha kioo. Benadetha alimwambia habari njema kwa maneno ya kazi: ataandika kwamba hapakuwa na nia ya kuua, jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kwa maoni yake kitakachobaki ni kosa la barabarani. Kunyongwa hakupo tena. Koplo, aliyekuwa akitafuta namna ya kulipia makosa yake, aliongeza kwamba mzee amshukuru Mungu, kamba imemtoka shingoni.

Sipriani hakuonyesha kusikia. Alikuwa akimtazama Mkaguzi kwenye mikono.

"Wewe uliacha kugonga lini, mama?"

Benadetha angeweza kujibu kwa kuzungukazunguka, na kwa dakika hiyo alitamani kufanya hivyo. "Gari lilipoanza kulia," alisema.

"Kwa hiyo Huseni alinyamaza."

"Alinyamaza."

"Aliniambia nisimame."

"Ndiyo, mzee."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mwenzake. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hayafuti.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kunilaza usiku," alisema. "Kwamba alikosea yeye. Hicho nacho umenichukulia."

Koplo alimfungulia mlango ili ashuke. Sipriani alibaki ameketi, mikono kwenye usukani, na hapakuwa na mtu pale uani aliyethubutu kumharakisha.